Filamu Ishirini na Tano, Pungufu Tano

Vijana wanaonywa kuhusu kubeti, pombe na michepuko. Kuhusu makasha hakuna anayewaonya. Sijawahi kumsikia shehe wala mchungaji akigusia habari ya mtu mzima, mwenye familia na deni la SACCOS, anayenunua kwa mara nyingine filamu ambayo tayari anayo, eti kwa kuwa safari hii imetiwa ndani ya sanduku lililovishwa kitani.

Basi acha niigusie mimi, maana ninalo. Limekaa sebuleni kwenye kabati la vioo na linaitwa AK 100, yaani filamu 25 za Akira Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1910. Lilitoka Marekani mwaka 2009 ili kuwahi miaka 100 ya kuzaliwa kwake, na bei yake ya dukani ilikuwa dola 399. Ndani mna diski, na kitabu cha kurasa 96 chenye picha, maelezo ya Stephen Prince na kumbukumbu za Donald Richie, mabwana wawili walioandika mengi kuhusu Kurosawa kuliko nilivyowahi kuandika mimi kuhusu kitu chochote, hata barua za kuomba kazi.

Dola 399 kwa shilingi za leo zinakaribia milioni. Hiyo ni ya dukani, na dukani lilikwisha siku nyingi. Mimi nimelipata kwa mtu wa pili, na mtu wa pili huweka bei kulingana na anavyosikia unavyohema kwenye simu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kurosawa aliongoza filamu 30, kuanzia Sanshiro Sugata ya mwaka 1943 hadi Madadayo ya mwaka 1993. Kasha lina 25. Mtu wa kawaida atasema, ah, 25 kati ya 30, huyo mtoto kafaulu, apewe baiskeli. Ni kwa sababu mtu wa kawaida hajapatwa na ugonjwa huu. Mkusanyaji hazioni zile 25, anaziona tano ambazo hazimo. Hamna The Quiet Duel ya 1949. Hamna Dersu Uzala, ambayo mzee wa watu alikwenda kuipiga kwenye baridi ya mashariki ya mbali ya Urusi hadi ikachukua Oscar. Hamna Dreams wala Rhapsody in August. Na hamna Ran! Ran ya 1985, yenye farasi na bendera za rangi na ngome inayoungua. Umenunua kasha la Kurosawa lisilo na Ran, na watu wanakupongeza.

Tatizo, wanasema, ni haki miliki. Kila filamu ina mwenyewe, na wenyewe hawakai mtaa mmoja. Ran iko mikononi mwa Wafaransa, Dreams ilipitia Warner Bros., Dersu Uzala ni ya Mosfilm. Kwa hiyo ukitaka kumaliza kazi za Mjapani mmoja inakubidi uelewane na Paris, Hollywood na Moscow kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata Umoja wa Mataifa limewatoa jasho.

Na hizo 25 zenyewe usidhani ni nzima. Sanshiro Sugata ilikatwa wakati wa vita, dakika kama 17 hivi, na ilipotolewa tena baada ya vita vipande havikupatikana, kiasi kwamba filamu inaanza kwa maandishi ya kukuarifu kwamba unachokitazama kina upungufu. Angalau hao ni waungwana. The Idiot ya 1951 ilikuwa na dakika 265, studio wakaishusha hadi 166. Husimuliwa kwamba Kurosawa aliwaambia, mkitaka kuikata, basi ikateni kwa urefu. Mimi humfikiria sana yule bwana wa studio aliyeshika mkasi siku ile. Alipomaliza kazi yake akala chakula chake cha jioni, akaenda kulala. Na mimi hapa Tabata, miaka zaidi ya 70 baadaye, nimekodoa macho saa nane za usiku nikizihesabu dakika 99 alizozitupa.

Lakini hayo yote ningeyameza kama nisingekuwa na mashaka kwamba hata kuuziwa hakuishi. Chukua Seven Samurai, ya mwaka 1954, dakika 207, na mapumziko katikati. Marekani ilitolewa kwa DVD mwaka 1998. Mwaka 2006 ikatolewa tena, imesafishwa, diski tatu. Mwaka 2010 ikaja Blu-ray. Mwaka 2024, ilipotimiza miaka 70, studio ya Toho wakaitengeneza upya kwa 4K, na watu wakatakiwa wajipange tena kwenye foleni. Samurai ni walewale saba. Wanaokufa wanakufa palepale. Mvua ya pambano la mwisho ni ileile, ila kila safari tunaambiwa kwamba sasa ndipo tutayaona matone vizuri. Mimi matone niliyaona tangu mwanzo. Kinachonitatiza ni kwamba nimeanza kuyalipia kama mwenye mita ya maji.

Na kasha langu, pamoja na kitani chake chote, ni DVD tupu. Limetoka 2009, mwaka uleule ambao Kagemusha, mojawapo ya zile 25, ilitolewa peke yake kwa Blu-ray. Yaani sanduku lilizeeka likiwa bado kwenye rafu ya dukani.

Wenzangu waliokamatwa na waongozaji wengine nao hawana nafuu, kama hiyo inaweza kunifariji. Kuna kasha la Ingmar Bergman, Mswidi, lililotoka mwaka 2018 likiwa na filamu 39, na bei yake karibu dola 300. Limepangwa kama tamasha: kuna usiku wa ufunguzi, kuna filamu za kutazama mbilimbili, kuna usiku wa kufunga. Unatoa fedha yako, kisha sanduku ndilo linalokupangia ratiba. Na waliomnunua Wong Kar Wai wa Hong Kong mwaka 2021, filamu saba, walifungua wakakuta mwongozaji mwenyewe kazipitia upya na kubadili rangi, na nyingine hata umbo la picha. Watu walilalamika sana. Mimi nikawaambia mshukuruni Mungu, wenu angalau yu hai mnaweza kumlaumu. Wangu alifariki mwaka 1998.

Nirudi kwenye mashine, maana hapo ndipo utajua kwamba dunia hii ina wenyewe. DVD ziligawa dunia kwa namba: Marekani wakajipa namba 1, Ulaya, Japani na nchi za Ghuba wakawa 2, sisi Waafrika wengi tukatupwa namba 5 pamoja na Warusi na Wahindi. Ilipokuja Blu-ray wakafuta namba wakagawa kwa herufi, Marekani na Japani A, Afrika na Ulaya B. Waligawana bara letu kwa mara nyingine, na safari hii hata Berlin hawakwenda. Maana yake ni kwamba diski halali, iliyolipiwa kwa jasho halali, ukiitia kwenye deki halali ya hapa kwetu inaweza kukuandikia ujumbe wa adabu kabisa kwamba samahani, wewe si mtu wa eneo hili.

Nilinunua deki ya Blu-ray ya jina kubwa, yenye kung'aa, yenye rimoti nzito. Inakataa diski za Marekani zote. Deki niliyoichukua Kariakoo, nyepesi utafikiri ndani hamna kitu, yenye jina linalofanana na jina kubwa isipokuwa herufi moja, haijawahi kukataa chochote. Namba 1 inacheza, namba 2 inacheza, diski iliyokwaruzwa na mtoto inacheza. Naamini ukiiwekea sahani ya udongo itajaribu. Wanaoshangaa kwa nini watu wa Dar wanaheshimu Kariakoo kuliko wizara fulani fulani, jibu ni hilo.

Nasikia diski za 4K hazina mipaka, zinacheza popote. Habari njema. Sasa nahitaji deki ya 4K, na televisheni ya 4K, na ukuta mwingine wa kuitundikia, maana huu wa sasa una picha ya harusi na mwenye picha hayuko tayari kuhama.

Kasha lenyewe lilifikaje? Binti wa shangazi yangu anaishi Houston. Akisema anakuja nyumbani, ukoo mzima huamka. Kilo 23 za begi hujadiliwa kwa ukali kuliko bajeti ya serikali: shangazi ana vitamini zake, mjomba ana viatu namba 46 ambavyo Dar nzima havipatikani, kuna kijana anayeoa na suti yake, kuna manukato ya watu ambao hata hatujui wameingiaje kwenye orodha. Katikati ya haja hizo za kibinadamu nikapenyeza la kwangu.

“Kaka,” akanipigia usiku, “hili sanduku la nini? Limekaa mahali pa maziwa ya mtoto.”

“Ni filamu, dada yangu.”

“Filamu si ziko kwenye simu siku hizi?”

Sikumjibu. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unazidi kuumia. Tulipokwenda kumpokea uwanja wa ndege, afisa mmoja akalifungua begi, akaligusa kasha kwa kidole, akauliza ni nini. Nikasema filamu za Kijapani. Uso ukamchanua. “Za ngumi?” Nikasema nyingi za panga, nyingine za watu wakiongea. “Zimetafsiriwa?” Nikasema hapana, kuna maandishi ya Kiingereza chini. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akafunga begi kwa mkono wake, akatupungia tupite.

Nyumbani lilipofika, mke wangu alilizunguka mara moja, akaligonga kidogo, akasema, “Mahali pake ni kabatini, kwenye sahani za wageni.” Nilidhani ananikejeli. Kumbe mwenzangu kaelewa jambo hili kuliko wahakiki wote. Kila nyumba ya pwani ina zile sahani za maua ya dhahabu, zilizokuja na harusi, ambazo hazijawahi kuliwa pilau. Zinafutwa vumbi. Zinahesabiwa wakati wa Idi. Mtoto akizisogelea nyumba nzima inapiga kelele. Na wageni wakija, wanapewa za plastiki, kwa kuwa hao ni wageni wa kawaida, na wale wageni ambao sahani ziliwekewa hawajazaliwa bado.

Kasha ni hivyo hivyo. Makasha mengi ya kifahari huzitia diski kwenye mifuko ya karatasi ngumu, inayobana kiasi kwamba kuitoa diski ni kuikwaruza. Kitabu ukikifungua sana kinavunjika mgongo. Kitani hakitaki mikono yenye mafuta, na hewa ya Dar yenyewe ina mafuta na chumvi. Kila kitu katika ujenzi wa sanduku lile kinakuomba usitazame filamu. Najua watu wenye makasha yenye nailoni bado, hayajachanwa, na wanayaongelea kwa fahari. Ukimwuliza ya ndani ni nzuri? Anakwambia ndiyo, ameitazama, kwenye flashi.

Mimi nami sitajifanya malaika. Ikiru nimeitazama mara ya mwisho kwenye faili aliloniwekea kijana wa pale kituoni, kwa mia tano, huku kasha likinitazama kupitia kioo. Ila nina hoja zangu. Zamani Kariakoo waliuza diski moja yenye filamu 20 ndani, jaladani kuna nyuso zote za waigizaji zimebanana, na hakuna aliyelalamika kwamba pungufu tano. Ilikuwa kasha la mtu wa kawaida. Nusu ya filamu zilikatika kabla ya mwisho, lakini tulikuwa tunajua kwamba steringi hafi, kwa hiyo mwisho haukuwa na umuhimu sana.

Kurosawa ndiye aliyetuharibia utaratibu huo. Katika Ikiru, steringi ni mtumishi mzee wa serikali ya mji aliyeambiwa na tumbo lake kwamba hana muda. Anahangaika, anapata la kufanya, anaanza kupigania uwanja wa watoto wa kuchezea. Halafu anakufa, na filamu bado ina sehemu kubwa! Inayobaki ni wafanyakazi wenzake wamekaa msibani wakinywa na kubishana nani hasa aliujenga ule uwanja. Nilimwonyesha shemeji yangu anayefanya kazi halmashauri. Akaniambia hiyo si filamu, hiyo ni ofisini kwao.

Mambo yangebaki hapo, kila kitu mahali pake, kama baba mkwe asingekuja kutusalimia Jumapili moja akakuta hakuna mpira. Mzee huyu ujana wake aliumalizia kwenye sinema za Dar, na hasa ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari kule Msasani, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Yeye hakuwa na gari. Namna alivyoingia ni siri yake. Macho yake yakatua kabatini. “Mwanangu, hicho kisanduku ni cha nini?”

Mkwe akikuuliza swali, huna haki ya kunyamaza. Nikalitoa. Nikanawa mikono kwanza, mzee akadhani ni udhu. Nikachagua Yojimbo ya 1961, nikaiweka kwenye deki ya Kariakoo, na katika dakika za mwanzo tu mbwa akapita barabarani na mkono wa mtu mdomoni, wakati huohuo mke wangu akiingia na sinia la chai na vitumbua. Akageuka nalo jikoni bila kusema neno.

Kulikuwa na shida ya lugha. Maandishi ya chini yanakwenda mbio, na miwani ya mzee ni ya kusomea mawaidha. Nikaanza kumtafsiria. Nilikuwa natafsiri vizuri, kwa uaminifu, sentensi kwa sentensi, hadi akanikatiza: “Mbona unasoma kama mahakamani? Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, asingesema hivyo. Weka maneno.” Basi nikaweka maneno. Magenge mawili ya kijiji kile nikayapa makazi, moja Manzese, moja Tandale. Mfanyabiashara wa hariri nikamfanya mwenye mashine ya kusaga. Steringi, Mifune, alipotoa upanga nikajikuta nimesimama. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa mlangoni, sebule yangu ikawa kibandaumiza kamili, imebaki tu kukata tiketi.

Katikati mzee akapiga goti. “Hii nimeiona! Jamaa anaingia mjini, kuna makundi mawili, anakula hela huku na kule. Ilikuwa ya Clint Eastwood. Huyu Mjapani kaiba!”

“Hapana, baba. Hii ndiyo ya kwanza. Ya Eastwood ilikuja 1964. Wao ndio walioichukua kwa huyu.”

“Wakamlipa?”

“Baada ya kudaiwa kisheria. Asilimia 15 ya mapato, na haki za kuionyesha Japani na nchi za jirani.”

Mzee akakaa kimya akiipiga hesabu, kwa heshima niliyowahi kumwona nayo mara chache. Kisha akauliza kasha lile bei gani. Nikamtajia nusu. Akauliza ni mara ya ngapi nanunua filamu hizi, maana binti yake amemdokeza kitu. Nikamwambia baba, tusogee mbele, sehemu nzuri inakuja.

Aliipenda kupita kiasi. Alitaka nyingine saa ileile, tukatazama Sanjuro hadi isha. Wakati wa kuondoka akasimama mbele ya kabati, mikono nyuma, akasema kwa upole wa mtu anayejua kwamba hawezi kukataliwa: “Nitakwenda nalo, mwanangu. Nikimaliza nitalirudisha.”

Kila aliyeoa anafahamu vitu vilivyokwenda ukweni na ratiba ya kurudi kwake. Ngazi yangu ya aluminiamu iko kule. Pasi iko kule. Nikatafuta njia ya heshima. Nikamwambia baba, shida ni kwamba diski hizi ni za Marekani, ni za namba 1, sisi huku tuko namba 5, zinahitaji deki maalumu, ukiziweka kwenye deki ya kawaida zinagoma. Nilimweleza suala zima la kanda, taratibu, hata kidogo na la Berlin. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema dunia ina dhuluma. Akaondoka mikono mitupu, nikafunga kabati kwa ufunguo.

Juzi kampigia binti yake simu. Amekwenda Kariakoo, kamweleza kijana wa dukani kila kitu kuhusu namba 1 na namba 5, kijana kacheka, kampa deki ya elfu sitini inayocheza zote. Mzee anasema atapita Jumamosi asubuhi na bajaji, na kwamba nisihangaike kulifunga, anakuja na shuka.